Umbo la Pikseli na Michoro ya Skrini Pana

Uwiano wa pikseli ni hesabu inayoeleza umbo la nukta moja ya picha ya video: upana wake ukigawanywa kwa kimo chake. Pikseli ya mraba ina uwiano wa 1. Iliyo pana kuliko kimo chake huzidi 1, na iliyo nyembamba huwa na uwiano chini ya 1. Simu, kompyuta na kamera nyingi za siku hizi hutumia pikseli za mraba, na ndiyo maana wahariri wengi wa video hufanya kazi miaka na miaka bila kuigusa hesabu hii. Huwakuta siku wanapoingiza mchoro wa skrini pana, uwe jina la maharusi, nembo ya chama cha ushirika au bango la matokeo ya mbio, ndani ya mradi wenye kanda za zamani au mradi utakaotolewa kwa DVD. Ghafla nembo ya duara inakuwa duaradufu, herufi zinanenepa, au weusi unajitokeza kando zote mbili za fremu.

Fremu ya video hupangwa safu kwa safu, mfano wa sakafu ya vigae. Mafundi wawili wakipewa vigae 720 kwa kila safu, na safu ziwe 576, mwenye vigae vya mraba atapata sakafu ya umbo moja, na mwenye vigae vya mstatili vilivyolazwa atapata sakafu iliyo pana zaidi, japo idadi ya vigae ni ileile. Ndivyo ilivyo video ya kawaida ya mfumo wa PAL, mfumo uliotumika Kenya, Tanzania na Uganda enzi za televisheni ya analogia. Fremu yake ina pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Ukigawanya 720 kwa 576 unapata 1.25. Lakini runinga ya zamani ilikuwa na skrini ya 4 kwa 3, yaani takriban 1.33, na skrini pana ni ya 16 kwa 9, yaani takriban 1.78. Idadi ya pikseli hailingani na umbo lolote kati ya hayo mawili. Kinachofidia ni umbo la pikseli yenyewe: katika picha ya 4 kwa 3 hutanuliwa kidogo, na katika picha ya 16 kwa 9 hutanuliwa sana.

Kwa hiyo faili ya PAL ya skrini ya zamani na faili ya PAL ya skrini pana haziwezi kutofautishwa kwa kuhesabu pikseli. Zote mbili ni 720 kwa 576. Kinachozitenganisha ni alama ndogo iliyoandikwa ndani ya faili, inayokiambia chombo cha kuonyeshea kitanue pikseli kwa kiasi gani. Alama hiyo ikipotea, au ikisomwa vibaya, picha haiharibiki. Inaonyeshwa tu kwa umbo lisilo lake.

Chanzo cha pikseli zisizo za mraba ni uamuzi wa mwaka 1982. Mwaka huo chombo cha kimataifa cha masuala ya redio, kilichojulikana kwa kifupi kama CCIR, kilipitisha pendekezo namba 601 kuhusu kugeuza ishara ya televisheni kuwa dijitali. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika zilikuwa na televisheni ya mistari 625, ilhali Marekani na Japani zilikuwa na ya mistari 525. Ili mitambo ya pande zote iweze kufanana, ilikubaliwa kwamba kila mstari upimwe kwa kasi moja ya megahazi 13.5, na sehemu inayobeba picha iwe na sampuli 720, bila kujali mfumo. Mistari yenyewe haikubadilika: upande wa PAL picha ilibaki na mistari 576, na upande wa Marekani takriban 480. Mitambo ikapatana, lakini pikseli haikuwa mraba upande wowote.

Kilichofuata kilirithi uamuzi huo. Kanda za DV zilizoingia sokoni mwaka 1995 zilibeba 720 ileile, na DVD vilevile. Skrini pana ilipoanza kuenea haikuongezewa pikseli hata moja. Zilezile 720 zilitanuliwa zaidi. Mwaka 2003 ukatangazwa mfumo wa HDV, ambao uliiwezesha kanda ndogo ya DV kubeba picha ya mistari 1080. Ili data itoshe kwenye kanda, upana uliandikwa kwa pikseli 1440 badala ya 1920, na kila pikseli ikapewa uwiano wa 1.3333. Ukizidisha 1440 kwa 1.3333 unarudi kwenye 1920. Ni baada ya picha ya 1920 kwa 1080 kuwa ya kawaida katika kamera na simu ndipo pikseli ya mraba ilipotawala.

Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, ikaingiza rangi mwaka 1978, na mapema mwaka 2015 ikazima mitambo ya analogia, kabla ya tarehe 17 Juni 2015 iliyowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Kuzimwa kwa mitambo hakukufuta kanda. Harusi, mazishi, mikutano ya injili na mashindano ya shule yaliyorekodiwa kabla ya hapo yamo ndani ya kanda na DVD, na yanapotolewa kabatini huja na pikseli zake zilezile za mstatili.

Katika jiji la Eldoret mfano ulio karibu wa kanda hizo kukutana na michoro mipya ni filamu kuhusu wanariadha. Kipchoge Keino, ambaye uwanja wa michezo wa Eldoret umepewa jina lake, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Eliud Kipchoge, anayefanyia mazoezi yake Kaptagat, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Picha za televisheni za tukio la kwanza ni za 4 kwa 3, na zikifika kwa mhariri kupitia kanda ya PAL zitakuwa 720 kwa 576. Picha za tukio la pili ni za skrini pana. Mhariri anayeyaunganisha matukio hayo katika filamu moja ataweka juu yake mabango ya majina, miaka na muda, na mabango hayo yametengenezwa katika programu ya usanifu isiyojua lolote kuhusu kanda. Maumbo matatu tofauti yanakutana kwenye mradi mmoja.

Video kwa kawaida hubeba alama ya umbo la pikseli zake. Mchoro kwa kawaida haubebi. Faili ya JPEG au PNG inayotoka katika programu ya usanifu hueleza ina pikseli ngapi kwa upana na ngapi kwa kimo, basi. Programu ya kuhariri inapoipokea inalazimika kukisia. Adobe Premiere Pro, kwa mfano, hukisia kwa vipimo: mchoro wa 720 kwa 576 huuchukua kuwa wa PAL ya 4 kwa 3 na kuupa uwiano wa 1.094, na mchoro wa 1920 kwa 1080 huuchukua kuwa wa pikseli za mraba. Kanuni hiyo husaidia mara nyingi. Hushindwa pale mchoro wa 720 kwa 576 ulipokusudiwa kuwa wa skrini pana, kwa sababu vipimo pekee haviwezi kusema hivyo.

Tuseme bango la matokeo limeandaliwa kwa vipimo vya 720 kwa 576, na msanifu tangu mwanzo aliweka programu yake kwenye hali ya PAL ya skrini pana. Kwenye kompyuta yake bango lilionekana sawasawa. Likiingizwa kwenye mradi wa skrini pana, programu ya kuhariri inalichukua kuwa la 4 kwa 3. Matokeo yake, bango linachukua pikseli 540 tu za upana wa fremu na kuacha weusi wa pikseli 90 kila upande. Herufi zinakuwa nyembamba na nembo inasimama wima kama imebanwa.

Tiba iko kwenye faili, haiko kwenye uwanja wa kuhariria (timeline). Katika Premiere Pro faili hubofywa kwa kitufe cha kulia ndani ya orodha ya mradi, huchaguliwa amri inayoeleza jinsi faili inavyofasiriwa, na uwiano unabadilishwa kuwa ule wa PAL ya skrini pana. Papo hapo bango hujaza fremu, na kila mahali lilipotumika ndani ya mradi linarekebika lenyewe. DaVinci Resolve ina mpangilio kama huo katika sifa za kipande, Final Cut Pro ina chaguo la kutangaza kwamba kipande kimebanwa kwa upana, na Kdenlive, programu isiyolipiwa, inaruhusu uwiano kulazimishwa katika sifa za kipande.

Wengi hukimbilia njia ya mkato: kulishika bango kwenye uwanja wa kuhariria na kulivuta kwa upana mpaka lijae, takriban asilimia 133. Kwa macho kazi imekwisha. Lakini mvuto huo unahusu kipande kimoja tu, na bango lilelile likitumika mara kumi litavutwa mara kumi, kila mara kwa makisio ya jicho. Baya zaidi, mhariri mwingine akiupokea mradi na kurekebisha ufasiri wa faili kama inavyopasa, bango lililokwisha kuvutwa litatanuka mara ya pili na kingo zake zitatoka nje ya fremu.

Kosa la pili linafanana kwa sura tu na lile la kwanza, la bango kusomwa kama la 4 kwa 3. Msanifu amefungua ukurasa wa 720 kwa 576 wenye pikseli za mraba kwa sababu ameambiwa hivyo ndivyo vipimo vya PAL. Anachora nembo ya duara lenye pikseli 300 kwa 300. Mhariri anatangaza kwamba faili ni ya skrini pana. Fremu inajaa, lakini duara sasa linaonekana na upana wa pikseli 438 kwa kimo cha 300. Akirudisha uwiano kuwa 1, duara linakaa sawa, ila bango halijazi fremu. Hapa hakuna mpangilio utakaookoa kazi. Mchoro wenyewe una umbo lisilofaa na lazima uandaliwe upya. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, jambo la kujua ni moja: mchoro huu ulichorwa kwa pikseli za umbo gani? Jibu la msanifu ndilo linaloamua kama dawa ni kubadilisha ufasiri au kuchora tena.

Kosa la tatu hutokana na namba zenyewe, kwa kuwa vitabu na programu havikubaliani. Vipo vinavyosema uwiano wa PAL ya 4 kwa 3 ni 1.0667 na wa skrini pana ni 1.4222. Vingine husema 1.094 na 1.4587. Hesabu zote mbili zina msingi. Sampuli 720 zilizokubaliwa mwaka 1982 ni nyingi kidogo kuliko picha yenyewe: picha hasa hukaa ndani ya pikseli 702, na zilizobaki, 9 kila upande, ni nafasi ya akiba. Anayegawanya 1024 kwa 720 anapata 1.4222. Anayegawanya 1024 kwa 702 anapata 1.4587. Adobe ilitumia hesabu ya kwanza hadi ilipotoa toleo la CS4 mwaka 2008, ikahamia hesabu ya pili.

Mabadiliko hayo yana athari inayoonekana. Mchoro wa pikseli za mraba wa 1024 kwa 576, ambao zamani ulijaza fremu ya PAL ya skrini pana bila kubakisha, katika matoleo ya CS4 na kuendelea hufika pikseli 702 tu na kuacha uwazi mwembamba wa pikseli 9 kila kando. Kipimo kinachojaza fremu nzima katika matoleo hayo ni 1050 kwa 576, na kwa 4 kwa 3 ni 788 kwa 576 badala ya 768 kwa 576. Anayekuta mistari miwili myembamba kando ya bango lake asidhani mchoro umeharibika. Ametumia kipimo cha hesabu ya zamani ndani ya programu ya hesabu mpya.

Namba 1440 kwa 1080 nayo ina mtego wake. Picha ya 4 kwa 3 ikipanuliwa ifikie kimo cha 1080 kwa pikseli za mraba, upana wake ni 1440. Picha ya HDV ya skrini pana nayo huandikwa kwa pikseli 1440 kwa 1080. Faili mbili zenye vipimo vilevile, moja ni ya skrini ya zamani na nyingine ni ya skrini pana. Programu ikikosea kati yake, mbio za mwaka 1968 zitaonyeshwa zikiwa zimepanuliwa kwa theluthi moja nzima, na mwanariadha mwembamba atapata mabega na mapaja ambayo hakuwa nayo. Katika filamu ya riadha hilo si dosari ndogo, kwa kuwa umbo la mwili na urefu wa hatua ndivyo mtazamaji anavyovitazama.

Picha ya 4 kwa 3 inapokaa ndani ya fremu ya 1920 kwa 1080 hubakiza pikseli 240 kila upande. Nafasi hiyo si hasara. Mchoro wa skrini pana unaweza kuandaliwa wenye dirisha la 1440 katikati, na jina, mwaka na muda vikaandikwa kwenye kingo mbili. Picha ya kale inabaki na umbo lake, fremu inajaa, na hakuna aliyenyooshwa.

Utaratibu salama wa kazi huanza na kujua video itaonyeshwa wapi. Ikiwa ni mtandaoni, kwenye simu au kwenye runinga bapa, mradi uwe wa 1920 kwa 1080 wenye pikseli za mraba, na michoro yote itengenezwe kwa kipimo hichohicho. Kanda za PAL na HDV ziingizwe kama zilivyo, kila moja ikiwa na uwiano wake uliotangazwa, na programu yenyewe itafanya hesabu ya kuzioanisha. Ikiwa ni DVD, mradi utakuwa wa 720 kwa 576, lakini michoro bado ni bora itengenezwe kwa pikseli za mraba katika kipimo kinacholingana na toleo la programu. Pikseli za mraba humwezesha msanifu kuona kwenye kompyuta yake umbo litakaloonekana mwishoni, bila kukisia.

Anayelazimika kuchora moja kwa moja kwa pikseli za mstatili anaweza kutumia Adobe Photoshop, ambayo tangu toleo la CS la mwaka 2003 hutambua uwiano wa pikseli na kumwonyesha msanifu picha iliyotanuliwa kadiri inavyotakiwa. Onyesho hilo ni la skrini tu. Kuliwasha na kulizima hakubadilishi pikseli hata moja ndani ya faili. Nembo na picha mgando zinazobandikwa kwenye ukurasa huo zinapaswa kuletwa wakati uwiano umekwisha kuwekwa, na hapo Photoshop huzibana yenyewe ili zionekane katika umbo lake.

Jaribio la kuhakiki ni rahisi. Mchoro mmoja wa majaribio unatengenezwa ukiwa na duara kamili katikati na fremu nyembamba kwenye kingo zote nne. Unaingizwa kwenye mradi kabla ya kazi yoyote kuanza, video fupi inatolewa, na inachezwa kwenye chombo kile kitakachotumiwa na mteja. Rula ikiwekwa juu ya skrini, upana na kimo cha duara vinapaswa kulingana. Visipolingana, kugawanya upana kwa kimo kunatoa namba inayomtaja mkosaji: 1.33 inaashiria 4 kwa 3 na 16 kwa 9 vimechanganywa, na 1.42 au 1.46 inaashiria pikseli za mraba zimesomwa kama za PAL ya skrini pana. Fremu ya kingoni nayo inaonyesha kama kuna sehemu ya picha iliyokatwa.

Mara nyingine mkosaji hayumo ndani ya kompyuta ya mhariri. Runinga nyingi na ving'amuzi vina kitufe cha kubadilisha umbo la picha, na wapo wanaoiacha picha ya 4 kwa 3 imetanuliwa siku zote ili skrini ijae. Projekta nyingi za kumbi na makanisa zina pikseli 1024 kwa 768, yaani 4 kwa 3, na picha ya skrini pana ikionyeshwa kwa njia sahihi itaacha weusi juu na chini. Mteja anayelalamika kwamba watu wamenenepa aombwe kwanza acheze video hiyohiyo kwenye simu. Ikikaa sawa kwenye simu, kinachohitaji kurekebishwa ni chombo cha kuonyeshea.

Mradi unaoanza leo na kumalizika leo kwa pikseli za mraba hauna haja ya hesabu hizi. Zinahitajika kila kanda ya jana inapokutana na mchoro wa leo, na kanda hizo bado ni nyingi. Kwa mhariri anayezipokea, kanuni ni hii: mchoro uchorwe kwa pikseli za mraba, kila faili itangaziwe umbo lake inapoingia, na picha isivutwe kwa mkono kabla ya kujulikana kwa nini imekosa umbo.